Mahadhi Yasiyomo Daftarini



Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wafanyabiashara twaijua kweli hiyo. Leo nasema juu ya mali ambayo daftari lipo, nayo yapotea vilevile.

Nyumba zetu nyingi zina daftari la bhajan, nyimbo zetu za ibada, lililoandikwa kwa mkono. Mna tungo za Narsinh Mehta, mshairi wa Gujarat wa karne ya 15, na za Mirabai. Maneno yamekamilika, bali mahadhi hutajwa juu ya ukurasa kwa jina tu: raga kama Bhairavi, au wimbo mwingine uliojulikana na wote zamani hizo.

Maneno yamechapwa vitabuni. Lakini jinsi bibi alivyoyaimba haimo kitabuni. Akiondoka yeye, daftari hubaki bubu.

V. N. Bhatkhande (1860–1936) alisafiri India akikusanya tungo kwa waimbaji mabingwa, akaziandika kwa sauti saba: Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Nukta juu ya herufi huonyesha sauti ya juu; nukta chini yake, sauti ya chini. Ni hesabu nyepesi kuliko ya dukani.

Basi vijana mnaopiga kinanda, ketini na wazee wangali nasi. Waimbe, nanyi mwandike, ukurasa kwa ukurasa.