Magoti Yanauma, na Moyo Je?

(Mawaidha mafupi baada ya futari)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mlioketi kule nyuma kwenye viti, leo nataka tuzungumze juu ya hivyo viti.

Nyanya yangu alichuma majani chai upande wa Kebirigo karibu miaka thelathini, kikapu mgongoni, akipanda na kushuka milima hii yetu. Sasa magoti yamechakaa. Sisi huita kila maumivu ya viungo baridi yabisi, tukalaumu baridi ya Nyamira. Huu wake ni ugonjwa wa gegedu, ile sehemu laini inayokinga mifupa isisagane. Baridi haiuleti. Umri, uzito wa mwili, majeraha ya zamani na kazi nzito ndivyo huchangia. Shirika la Afya Duniani lasema mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi nao, wengi wao wanawake.

Lakini sikuja kuwahesabia magoti. Mwaka juzi nyanya aliacha kuja tarawehe. Halafu akaacha harusi, akaacha chama cha akina mama, hata chakula akawa anakisukuma kando. Sisi tukamwambia, "Nyanya, subira." Wallahi tulidhani tunamsaidia! Kumbe hakuwa akilala. Maumivu humnyima mtu usingizi, kukosa usingizi huzidisha maumivu, na asiyelala wala kutoka huingiwa na huzuni isiyoondoka, ambayo madaktari huiita sonona. Tafiti zaonyesha karibu mtu mmoja kati ya watano wenye ugonjwa huu ana dalili zake. Si upungufu wa imani. Hata mwenye kuleta nyiradi kila alfajiri hupatwa.

Kisha likaja la kutisha. Kwa kuwa halali, alikuwa akitoka kukaa uani saa nane za usiku. Majirani wakaanza kunong'ona. Nyinyi mnajua minong'ono kama hiyo huku Gusii huishia wapi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa wakituhumiwa uchawi.

Tukampeleka hospitali. Daktari alimuuliza swali ambalo hakuna mjukuu aliyewahi kumuuliza: "Mama, kuna siku unaona heri usiamke?" Nyanya akalia. Akasema zipo.

Alipewa mazoezi ya kukaza misuli ya mapaja, bakora, na siku za kuonana na mshauri. Vile vidonge vya maumivu alivyokuwa akinunua dukani na kumeza juu ya tumbo tupu alikatazwa, maana huleta vidonda vya tumbo. Kuhusu saumu, muulizeni daktari kwanza, kisha imamu. Msimwamulie mzee nyinyi.

Imran bin Husayn (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali amesimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Nyanya alilijua hilo, lakini aliona haya kuwa peke yake juu ya kiti mbele ya wenzake. Nadhani haya hiyo ilimfungia nyumbani kuliko goti lenyewe.

Upande wa akina mama kuna viti vitatu. Leo nimehesabu wazee saba. Mwenye kiti cha plastiki nyumbani akilete kesho kabla ya isha, na mwenye pikipiki anione nimwonyeshe nyumba za kupitia.

Wabillahi tawfiq.