Mtu Hufanywa na Watu

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Mishamo)



Leo hatukuja kuzungumza habari za mbolea wala bei ya mahindi. Hayo tumeyasikia mara nyingi, na tutayasikia tena. Leo tunataka tuzungumze habari za mtu mwenyewe. Mtu anapataje kuwa vile alivyo? Nani humfundisha kujiona kuwa yeye ni fulani?

Tuanze na jambo dogo. Siku moja mtoto wetu mmoja alikwenda kuchota maji. Kule kisimani akagombania zamu na mwenzake. Mwenzake akamwambia, "Toka hapa, mkimbizi wewe!" Mtoto akarudi nyumbani na ndoo tupu. Akamwuliza bibi yake, "Bibi, mimi nimekimbia nini?"

Bibi alikaa kimya. Mtoto yule alizaliwa hapa Mishamo. Mama yake naye alizaliwa hapa hapa. Hawakuvuka mpaka wowote. Hawakukimbia chochote. Lakini jina wanalo! Basi, ndugu zetu, swali la mtoto yule ndilo lililotuleta mbele yenu leo.

WALIMU WATATU

Mtoto mchanga huzaliwa na mwili na akili. Lakini hazaliwi na lugha wala desturi. Akilelewa na Warundi atasema Kirundi. Mtoto huyo huyo akilelewa na Wabende atasema Kibende. Damu haifundishi lugha. Watu ndio wanaofundisha.

Mwalimu wa kwanza ni nyumbani. Pale jikoni mtoto hujifunza salamu. Hujifunza kupokea kitu kwa adabu, na kunyamaza wakubwa wanaposema. Wazee walisema kweli: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwalimu wa pili ni wenzake. Katika mchezo mtoto hujifunza kungoja zamu. Hujifunza kushinda bila kutukana, na kushindwa bila kulia. Hapo ndipo anapotambua kwamba yeye si peke yake duniani.

Mwalimu wa tatu ni macho ya watu. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Charles Horton Cooley, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1902. Alisema kwamba wenzetu ni kama kioo kwetu. Tunatazama jinsi wanavyotuona, na hapo ndipo tunapojiona sisi wenyewe. Mtoto anayeambiwa kila siku, "Wewe mjinga," mwisho huacha kunyosha mkono darasani. Si kwamba akili hana. Amejitazama katika kioo kibaya.

Mtasema, hayo ni ya watoto. Hapana! Hata sisi watu wazima ni hivyo hivyo. Wangapi kati yetu tulikuwa tunatia dole gumba? Mkutanoni tulikaa nyuma kabisa. Barua ikija tulisema, "Mimi sijui, mpeni mwenye macho asome." Kumbe macho tulikuwa nayo! Kisha tukaingia kisomo. Siku ile tulipoandika majina yetu kwa mkono wetu, watu walitutazama kwa namna nyingine. Na sisi tukaanza kusema mkutanoni. Mkono ni ule ule, lakini mtu si yule yule. Mwaka 1970 ulipotangazwa hapa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, fundisho lilikuwa hilo: mtu mzima bado anaweza kujifunza na kubadilika.

NDUGU WA DAMU MOJA, NJIA MBILI

Sasa tutazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1972 kulitokea mauaji makubwa nchini Burundi. Wahutu wengi waliuawa. Wengine wengi walivuka mpaka wakaingia Tanzania. Baadhi yao walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba, wilayani Mpanda. Ulyankulu ikajaa watu. Mwaka 1978 yakafunguliwa makazi ya Mishamo, na wengi wakahamishiwa huku. Wakati huo Mpanda ilikuwa katika mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja baadaye, mwaka 2012. Wazee wetu walikuta msitu. Wakakata miti, wakalima, wakajenga.

Lakini si wote waliokuja makazini. Wengine walibaki mjini Kigoma. Wakapanga vyumba, wakafanya vibarua, wakauza sokoni, wakaoana na wenyeji.

Mwaka 1985 alikuja mtafiti mmoja mwanamke, Liisa Malkki, mzaliwa wa Ufini. Alikaa hadi 1986. Alizungumza na watu wa Mishamo, akazungumza pia na watu wa Kigoma mjini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Aliona jambo la ajabu. Watu hawa walitoka nchi moja, na msiba wao ulikuwa mmoja. Lakini walijiona tofauti kabisa!

Watu wa Mishamo walisema, "Sisi ni Wahutu, sisi ni wakimbizi." Walilisema bila haya. Kwao lilikuwa jina la taifa lililo ugenini, linalongoja kurudi kwao. Watu wa Kigoma wengi hawakutaka kuitwa wakimbizi. Huyu alisema yeye ni Mwislamu wa hapa mjini. Yule alihesabiwa kuwa Mha. Walichukua jina lililowafaa kuishi vizuri na jirani.

Kwa nini ikawa hivyo? Tazameni maisha yao. Mishamo watu waliishi wao kwa wao, mbali na wengine. Mtu akitaka kutoka makazini alihitaji kibali. Ofisini aliitwa mkimbizi. Jioni, wazee walisimulia habari za 1972, na watoto wakasikiliza. Mtoto alikua ndani ya hadithi moja. Kigoma ilikuwa vingine. Asubuhi mtu alikutana na Mha, mchana na Mmanyema, jioni na Mwarabu mwenye duka. Kila mmoja alikuwa kioo chake.

Hatusemi kwamba hawa walifanya vizuri na wale vibaya. Kila njia ilikuwa na faida na gharama. Mishamo watu walipata umoja, na kumbukumbu za marehemu wao hazikupotea. Lakini jirani wa nje alibaki mgeni kwao. Kigoma watu walipata marafiki wengi. Lakini wengine waliishi wakijificha, wakiogopa kutambuliwa. Tunalosema ni hili: damu ilikuwa ile ile. Waliokuwa tofauti ni watu walioishi nao, na jinsi walivyoitwa.

CHETI NA JIRANI

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania iliwapa watu wa makazi haya nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengine walirudi. Walio wengi waliomba uraia. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu zaidi ya 160,000 wamekubaliwa. Lakini kulikuwa na sharti la kuhama makazi na kutawanywa mikoa mingine. Vyeti vikachelewa. Miaka ile mnaikumbuka, ndugu zetu. Mtu hakuwa huku wala kule. Wengine walisita kujenga nyumba, wakasema, "Tujenge wapi, na kesho tunahamishwa?" Mwaka 2014 vyeti vilianza kutolewa, na watu hawakulazimishwa tena kuhama.

Cheti ni kitu kikubwa. Kitunzeni mahali pakavu, mbali na panya na mchwa! Lakini cheti hutolewa siku moja. Nafsi ya mtu haibadiliki siku moja. Ukiwa na cheti sandukuni, na kule sokoni bado unaitwa mkimbizi, moyo wako utasadiki lipi?

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuitane kwa majina yetu. Tusimwite mtu kwa msiba wa babu yake. Na sisi tusiwaite wenyeji "wale", kama watu wasio na majina. Nasi ni kioo kwao.

Pili, tusiwafiche watoto historia. Tuwaambie habari za 1972, lakini tuwaambie yote. Tuwaambie waliotuua, na pia waliotupokea. Tuwaambie habari za shoka la kwanza katika msitu huu. Kirundi wakiseme nyumbani bila aibu. Kiswahili wakiseme popote bila woga. Mtoto mwenye lugha mbili hana nafsi mbili. Ana milango miwili.

Tatu, tuchanganyike kazini. Katika chama cha ushirika, katika kamati ya shule, katika timu ya mpira, tusikae makundi makundi. Hotuba kama hii haitoshi. Watu hujuana wakibeba mzigo mmoja. Mkipalilia shamba pamoja tangu asubuhi, kufika saa sita hamtaulizana babu zenu walitoka wapi. Mtaulizana maji yako wapi!

Sasa turudi kwa bibi yetu na mjukuu wake. Bibi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mjukuu wangu, aliyekimbia ni mimi. Wewe umezaliwa kwenu. Haya, kachote maji." Mtoto akachukua ndoo, akaenda.

Bibi alijibu vema. Lakini, ndugu wahitimu, jibu la bibi peke yake halitoshi. Mtoto ataliamini nyumbani, kisha atafika kisimani. Atakayoyakuta kule kisimani ni kazi yetu sisi tuliokaa hapa leo. Akikuta watu wanaomwita kwa jina lake na kumpa zamu yake, atakua akijua kwamba yuko kwao. Na yule mwenzake aliyemtukana, naye ni mtoto wa mmoja wetu. Alilisikia wapi neno lile? Tukifika nyumbani leo, kila mmoja ajiulize.