Njia panda ya bloku: mkono wa kulia kwanza

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.)

Kipindi hiki ni cha ndugu wasikilizaji wa Kakuma na Kalobeyei. Ni chako pia wewe unayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo, au unayesomewa na mtoto wako nyumbani.

Leo hatuzungumzi juu ya mgao wa chakula wala juu ya kadi. Tunazungumza juu ya mahali unapopita kila siku bila kupafikiria. Ni njia panda ya bloku yako, pale kichochoro kinapokutana na barabara ya magari.

Pale hakuna taa za rangi wala askari wa trafiki. Kuna bodaboda, lori la maji, gari la shirika, mkokoteni wa unga, mbuzi, mama mwenye mtungi kichwani, na watoto wanaoikimbilia kengele ya shule. Wote wanafika kwa pamoja, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye atakayesimama.

Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zinazoua kuliko ugonjwa wowote. Sasa angalia kambini kwetu. Nyumba ngapi zina watu wa umri huo? Karibu zote.

Najua jibu la wazee wetu. Watasema, "Ajali haina kinga." Ni kweli, mengine hayazuiliki. Lakini ajali nyingi za njia panda zina sababu tatu ambazo unaweza kuzishika kwa mkono. Tuzichukue moja moja.

SABABU YA KWANZA: UPANDE WA BARABARA

Hapa Kenya magari hupita upande wa kushoto wa barabara, kwa sababu sheria hiyo iliachwa na Waingereza. Uganda ni hivyo hivyo, na Tanzania pia. Lakini wengi wetu hatukutoka huko. Sudan Kusini, Sudan, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na Rwanda, magari hupita upande wa kulia. Dereva wa lori anayetoka Juba akifika mpakani Nadapal inambidi abadilishe upande. Yeye ni dereva, anakumbuka. Wewe unayetembea kwa miguu, ni nani aliyekuambia?

Hili si jambo dogo. Mama aliyekulia Bukavu au Bujumbura amefundishwa na mwili wake mwenyewe kwamba gari la kwanza hutoka kushoto. Akifika ukingoni, shingo inageuka kushoto bila yeye kuiamuru. Anaona kweupe, anaingia. Lakini hapa gari la karibu zaidi linatoka kulia, na linamkuta ameligeuzia kisogo.

Mwili hausahau haraka. Mzee wa Sudan Kusini anaweza kukueleza vizuri, kwa sababu Sudan yote ilipita kushoto hadi mwaka 1973, ndipo ikahamia kulia. Wazee walijifunza upya wakiwa watu wazima, na sisi pia tunaweza.

Kiswahili chenyewe kimetupa njia ya kukumbuka. Tunasema mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Basi wafundishe watoto hivi: "Gari la kwanza hutoka upande wa mkono unaolia ugali." Simama ukingoni. Angalia mkono wa ugali. Kisha angalia kushoto. Kisha rudi tena mkono wa ugali, maana muda umepita na pikipiki ina mbio. Kukiwa kweupe, vuka ukitembea, usikimbie. Anayekimbia huanguka katikati.

Na kwa kuwa bodaboda zetu hukwepa mashimo na kuhamia upande wowote, usiangalie upande mmoja tu. Angalia pande zote, lakini anza na kulia.

Neno moja kwa akina mama na dada wabeba maji. Uite mtungi, uite jerikeni, uite bidoni, ukiwa kichwani shingo haigeuki. Ukigeuza macho tu, unaona nusu ya barabara. Kwa hiyo simama, geuza mwili mzima kulia, kisha mwili mzima kushoto. Utachelewa kidogo, lakini utafika. Na kijana mwenye nyaya za simu masikioni, zitoe kabla ya kuvuka. Honi huwezi kuiona, unaisikia tu.

SABABU YA PILI: KONA ISIYOONA

Nenda kwenye kona ya bloku yako uangalie kinachoota pale. Ni mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Turkana miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, nao ukaamua kukaa. Juu ya mathenge kuna ua wa miiba wa nyumba ya kona. Mbele ya ua kuna kibanda cha kuuzia mandazi au vocha. Mtoto wa darasa la kwanza akitokea nyuma ya vitu hivyo, dereva anamwona akiwa tayari mbele ya gurudumu.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kwa sekunde moja. Ikienda kilomita 50, hupita karibu mita 14. Dereva akimwona mtoto, sekunde nzima inaweza kupita kabla breki haijaanza kushika. Kisha gurudumu linateleza juu ya changarawe. Kwa hiyo mtoto anayeonekana akiwa mita 5 hawezi kuokolewa na breki, hata dereva awe hodari na mwenye huruma namna gani. Anayeonekana akiwa mita 25 anaweza kuokolewa.

Ndiyo maana nasema panga linaweza kuokoa mtoto. Katika mji mdogo wa Hoboken, huko Marekani, viongozi walihakikisha kwamba magari hayaegeshwi karibu na kona, ili dereva na mwenda kwa miguu waonane mapema. Walifanya na mambo mengine ya kupunguza mwendo. Tangu mwaka 2017 ilipita zaidi ya miaka saba bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali katika mitaa ya mji huo. Sisi hatuna magari yaliyoegeshwa kona, tuna mathenge. Dawa ni ile ile.

Jaribu hivi. Mtoto mdogo asimame kwenye ukingo wa kichochoro, mzazi akiwa amemshika mkono. Wewe tembea barabarani hatua 30 kutoka kwake, kisha geuka. Kama huoni kichwa chake, na dereva haoni. Kila kinachokuzuia kumwona kiondolewe au kishushwe kisizidi magoti. Fanya hivyo pande zote za njia panda.

Lakini msikate ovyo. Ongeeni kwanza na kiongozi wa bloku na mwenye nyumba ya kona. Mwenye nyumba anaogopa wezi na upepo wa vumbi, hivyo msaidieni kusogeza ua wake nyuma hatua chache na kuujenga upya siku hiyo hiyo. Mwenye kibanda naye asifukuzwe. Asogezwe mahali ambapo wateja wake hawatasimama barabarani. Na kuni zikipatikana, zisilete ugomvi na wenyeji wetu Waturkana. Semezaneni mapema nani atazichukua. Mathenge ikikatwa huchipuka tena, hasa baada ya mvua, kwa hiyo pangeni zamu ya kila mwezi.

SABABU YA TATU: MWENDO

Kaka zangu wa bodaboda, mnatubeba usiku mama anapopata uchungu, na mnabeba mizigo yetu kutoka sokoni. Hatuwasemi vibaya. Lakini honi si breki. Kupiga honi na kupita kwa kasi ni kumwambia mtoto ajue mwenyewe la kufanya, na mtoto hajui. Kiziwi naye hasikii. Ukikaribia njia panda, toa mkono kwenye mafuta, uweke kwenye breki. Sheria ya Kenya inataka abiria mmoja tu, na kofia ngumu kwa dereva na abiria. Abiria watatu wakipanda, pikipiki inakuwa nzito na haisimami pale ulipozoea. Na taa ikifa, itengeneze kabla jua halijazama.

Dereva asiyesikia maneno husikia kona nyembamba. Kona pana humwalika akate bila kupunguza. Kona iliyobanwa humlazimisha akunje taratibu. Bloku inaweza kuomba ruhusa ya kufukia matairi ya zamani nusu, au kupanga mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, kwenye pembe za njia panda, nje ya njia ya magurudumu. Usiku chokaa hung'aa kwenye taa ya pikipiki.

Matuta ni jambo jingine. Msijenge tuta kwa jembe usiku mmoja. Tuta lisilo na alama humwangusha wa bodaboda gizani, nalo humuumiza mgonjwa ndani ya gari la hospitali. Mvua moja ikija, linageuka shimo. Tuta liombwe, lijengwe na wanaojua, liwe na alama.

Msidhani haya yanawezekana Ulaya tu. Dar es Salaam, shirika la Amend lilitengeneza njia za shule za msingi. Walijenga njia za wenda kwa miguu, wakaweka matuta, vivuko na nguzo, na mahali pengine wakahamisha geti la shule lisitazame barabara kuu. Watoto walioumia walipungua, na kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa mwaka 2019.

TUANZIE WAPI?

Anzeni na daftari. Kaeni wawili wawili kwenye njia panda wakati watoto wanakwenda shule na wanaporudi. Andikeni tarehe, saa, na kilichotokea. Msiandike ajali tu. Andikeni na zile za kukoswakoswa, pale watu wanaposema "Mungu amesaidia" na kuendelea na safari. Mkiwa na wiki mbili za daftari, kiongozi wa bloku ana kitu cha kupeleka kwa viongozi wa juu, kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na kwa UNHCR. Malalamiko ya mdomo husahauliwa mlangoni. Karatasi yenye tarehe huulizwa majibu.

Na ajali ikitokea? Kwanza zuieni magari yasiwakanyage waliolala. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi, usiachie. Aliyeumia shingo au mgongo asinyanyuliwe kama gunia, ila kama kubaki pale ni hatari kuliko kumsogeza. Mtu mmoja aite msaada wa hospitali, mwingine aite polisi. Na hili nawaomba kwa heshima: msimpige dereva. Mkimpiga, atakayegonga kesho atakimbia na kumwacha mtoto wenu barabarani. Tena dereva ni wa kabila fulani, mtoto ni wa kabila jingine, na sisi tunajua jinsi jambo la barabarani linavyogeuka vita vya bloku kabla ya magharibi. Tumekimbia vita. Tusivianzishe kwa pikipiki.

Kuna mmoja ananisikiliza na kusema, "Huyu kijana anatuambia tutengeneze kona, kwani hapa ni kwetu?" Nakujibu, mzazi wangu. Kambi hii ilianza mwaka 1992. Waliozaliwa hapa sasa wana watoto wao. Na hata kama safari yako ni mwezi ujao, iwe ni kurudi nyumbani au kwenda nchi ya mbali, mguu wa mtoto utasafiri naye. Ukivunjika hapa, atachechemea huko. Kona unaiacha, mtoto unaondoka naye.

Tumesema ajali haina kinga. Lakini Waswahili wana kinga nyingine, ile ya moto, na wanasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja hufuka moshi tu. Jumamosi hii, mtu mmoja wa bloku yako alete panga, mwingine alete chokaa, mwingine daftari. Wewe unaleta nini?

Kabla hujazima redio au kuikunja karatasi hii, muulize mtoto aliye karibu nawe: "Gari la kwanza linatoka wapi?" Akinyanyua mkono anaolia ugali, mpongeze. Akinyanyua mwingine, mfundishe leo hii, kabla hajatoka nje.

Vukeni salama.

(Muziki wa kufungia.)