Barua ya Chuo Siyo Viza



Nazungumza na wanaotazamia kwenda Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Nimeona vijana hodari wakipoteza muhula mzima kwa kukosa karatasi moja. Barua ya chuo siyo viza. Ubalozi hutaka pia bima ya afya na uthibitisho wa fedha za kujikimu: mwaka 2025 zilikuwa yuro 992 kwa mwezi. Asiye na ufadhili huziweka katika akaunti maalumu, inayotoa sehemu tu kila mwezi. Ukishapata chumba, jiandikishe manispaa katika majuma mawili, ukiwa na hati ya mwenye nyumba. Kibali cha ukaazi kiombwe kabla viza haijaisha.

Basi, anzeni na pasipoti, mapema.