Tone la Dagoretti, Maji ya Sabaki

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wanafunzi wa Kaunti ya Kilifi wanaosomea taaluma ya hali ya hewa, pamoja na wazazi wao, siku chache kabla ya wanafunzi hao kurejea chuoni kuanza muhula wa Septemba.

Nimepewa dakika chache nami nitajaribu kutozipita.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu katika kaunti ni kupokea taarifa kutoka ofisi mbalimbali na kuzifikisha kwa wananchi. Utabiri wa mvua ni mojawapo ya taarifa hizo. Mtakapohitimu, maneno yenu yatapitia mikononi mwa watu kama mimi kabla ya kumfikia mkulima wa Ganze au mvuvi wa Ngomeni. Ndiyo maana nina neno nanyi, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, niliandika tangazo la msimu wa vuli. Niliandika kwamba kuna uwezekano wa mvua ya zaidi ya wastani katika sehemu nyingi za kaunti. Nililichapisha, nikalisoma redioni, kisha nikaenda kulisoma katika baraza la chifu kando ya Mto Sabaki. Nilipomaliza, mzee mmoja akainua mkono, akaniuliza: "Mwanangu, wastani huo ni wa nani? Na mbuzi wangu niwahamishe au niwaache?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenakili maneno bila kuyaelewa. Baraza lilipovunjika, watu walirudi makwao wakijua yale yale waliyokuja nayo.

Swali la mzee yule ndilo nililowaletea leo. Naomba mlibebe hadi darasani, na kila mnapofundishwa jambo jipya muhula huu mjiulize kama mngeweza kumjibu.

Sasa tuzungumzie safari yenu. Wengi wenu mtapanda basi au gari la moshi kwenda Nairobi. Mtavuka Mto Tsavo, na karibu na mwisho wa safari mtavuka Mto Athi. Mkifika kwenye madaraja hayo, tazameni chini, kwa maana maji mtakayoyaona yanakuja kwetu. Mto wetu una majina matatu lakini maji ni yale yale. Huanza kwa vijito vya nyanda za juu za Nairobi na Kiambu, ukaitwa Athi ukipita Machakos na Makueni. Ukikutana na Tsavo unaitwa Galana. Ukifika huku kwetu tunauita Sabaki, nao unamwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Ndio mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana.

Wale mnaosomea katika taasisi ya mafunzo ya Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, na wale wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtakuwa mnaishi kwenye chanzo cha mto huu. Mvua inayoanguka juu ya paa la darasa lenu huingia katika vijito vya Nairobi, vijito vikaingia Athi, na baada ya siku kadhaa maji hayo yako Magarini. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sabaki haiifuati methali hiyo kila mara. Mtu anaweza kuwa Mambrui chini ya jua kali, mbingu safi, na usiku ule ule mto ukavunja kingo zake. Ndivyo mafuriko yanavyowashtua watu wetu. Tuliyaona maji makubwa mwaka wa 2018, na tukayaona tena mwishoni mwa mwaka wa 2023. Mashamba yalisombwa, na familia zikalala kwenye kambi.

Mzee aliyeniuliza habari za mbuzi wake hawezi kuiona mvua ya Nairobi. Ninyi mtaiona, na mtaipima. Hapo ndipo kazi yenu inapoanza, na inaanza na chombo kidogo sana, kipima mvua.

Nimewahi kutembelea kituo cha hali ya hewa. Nilitarajia kukuta mitambo mikubwa. Nilikuta uwanja wenye nyasi zilizokatwa vizuri, kisanduku cheupe chenye kuta za mbao zinazopitisha hewa, na ndani yake vipimajoto. Kando kulikuwa na mkebe uliochimbiwa ardhini kidogo, wenye mdomo wa faneli. Mpimaji aliniambia kwamba maji ya mkebe ule husomwa kila siku saa tatu asubuhi, iwe Jumapili, Idi au Krismasi. Saa hiyo hiyo vituo vya nchi nyingine navyo vinapima, kila kimoja mahali pake, ili dunia nzima ipate picha ya hewa kwa wakati mmoja.

Nilimuuliza, "Na siku isiyo na mvua?" Akasema, "Tunaandika sifuri." Nikamuuliza kwa nini asiache nafasi tupu. Akanieleza kwamba sifuri ni kipimo kama vipimo vingine. Maana yake mtu alikwenda, akaangalia, akakuta hakuna maji. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyekwenda. Na kibaya kuliko nafasi tupu ni namba iliyopikwa na mtu aliyelala hadi saa nne.

Wanafunzi wapendwa, hilo ndilo jibu la nusu ya kwanza ya swali la mzee. Wastani ni wa nani? Ni wa wale waliokwenda kupima. Wastani unaotumika siku hizi unatokana na vipimo vya miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020. Nyuma ya kila namba kuna mtu aliyeamka asubuhi akaenda kwenye mkebe. Mwanafunzi anayeandika namba ya uongo katika zoezi lake la kwanza anajizoesha. Akiajiriwa, namba yake itaingia katika hesabu za miaka mingi, na iko siku itamdanganya mtu asiyemjua aliyeko kilomita mamia mbali naye. Muhula unapoanza, kabla ya mitihani na kabla ya hesabu ngumu, jengeni tabia hii: andikeni mlichokiona.

Jambo la pili ni lugha. Wengi hudhani milimita ni kitu kidogo. Tangazo likisema milimita 50 zitanyesha, mtu anaangalia rula ya mtoto wake na kucheka. Lakini milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Kwa hivyo milimita 50 juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 200,000, yaani matangi 20 ya lita 10,000. Mwambie hivyo mama wa Bamba mwenye ekari moja, ataelewa mara moja. Akiwa na nafasi atachimba mtaro au atatengeneza silanga. Akisikia milimita tu, hatafanya lolote.

Vivyo hivyo kwa asilimia. Mkisema kuna uwezekano wa asilimia 70 wa mvua ya zaidi ya wastani, mwananchi anasikia kwamba mvua itanyesha. Isiponyesha, anasema serikali imedanganya. Mwelezeni kwa njia nyingine: ikiwa hali kama hii ingetokea mara kumi, mara saba mvua ingezidi na mara tatu isingezidi. Halafu mwacheni aamue. Mtu mwenye mbuzi 20 kando ya mto anaweza kuona mara saba kati ya kumi zinatosha kuwahamisha. Mwenye mbegu moja tu ya msimu naye anaweza kuamua kupanda nusu na kuweka nusu. Watu wetu wanajua kupima hatari. Wamefanya hivyo miaka yote baharini na shambani. Wanachokosa ni taarifa iliyosemwa kwa namna wanayoweza kuipima.

Jambo la tatu, msisahau mlikotoka. Mtafundishwa kwamba msimu wa mvua ndefu ni Machi, Aprili na Mei. Ni kweli. Lakini bara mvua hiyo hufikia kilele Aprili, na huku pwani kilele chetu ni Mei, wakati kusi imeshaanza kuvuma. Mkulima wa Kaloleni akipewa kalenda ya bara atapotea. Ulizeni maswali kuhusu pwani. Ulizeni kuhusu bahari. Mwezi wa Mei mwaka wa 2024 Kimbunga Hidaya kilitokea baharini kikaelekea Tanzania, jambo lisilo la kawaida katika maji yaliyo karibu hivi na ikweta. Idara ya Hali ya Hewa ilitoa ilani ya upepo mkali na mawimbi makubwa katika pwani ya Kenya. Mvuvi akisikia ilani kama hiyo ana maswali mawili: kuanzia lini, na hadi lini? Kila siku anayokaa nchi kavu ni siku isiyo na chakula nyumbani. Ilani isiyojibu maswali hayo inamwachia achague kati ya njaa na mawimbi.

Tena msiwadharau wazee. Kule Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi, ambao kwa vizazi vingi wamebashiri mvua kwa kusoma miti, ndege na wadudu, wameketi meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa kulinganisha dalili. Sisi tuna wavuvi wanaojua kaskazi, kusi na matlai kwa kuhisi upepo usoni. Mkirudi likizo, kaeni nao pwani, wasikilizeni, muwaeleze mlichojifunza.

Jambo la nne ni gumu zaidi. Iko siku mtakosea. Hewa haina mkataba na mtu. Ganze na Magarini bado wanakumbuka misimu mitano mfululizo ya mvua haba, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Watu waliopanda na kupoteza mbegu mara kadhaa hawawezi kulaumiwa wakisita kuamini tangazo jipya. Mkikosea, semeni mmekosea, na mwelezeni mwananchi ni nini kilichobadilika. Mtu aliyeambiwa ukweli juu ya kosa la jana atasikiliza ilani ya leo. Aliyefichwa atabaki kitandani usiku maji yanapokuja.

Mimi nilirudi katika baraza lile. Nilikwenda na mtaalamu kutoka ofisi ya hali ya hewa ya kaunti, tukaeleza upya. Tulisema mvua inatarajiwa kunyesha sana kule juu mto unakotoka, kwamba maji huchukua siku kadhaa kufika, na kwamba mtu mwenye mifugo kwenye tambarare afuatilie taarifa za Nairobi kama anavyofuatilia za Malindi. Mzee yule hakupiga makofi. Aliuliza tu namba ya simu ya ofisi, akamwambia mjukuu wake aiandike. Kwangu ilitosha.

Sasa neno kwa wazazi. Mwanzo wa muhula una gharama: karo, nauli, chumba, vitabu. Hundi ya basari ya kaunti hutumwa chuoni, haiji mkononi mwa mwanafunzi. Tafadhali hakikisheni jina na namba ya usajili ya mtoto ni sahihi kwenye fomu, na mwanafunzi akifika aulize ofisi ya fedha ya chuo kama imepokelewa. Asingoje hadi wiki ya mitihani. Na ukimpigia simu mtoto wako, usimuulize habari za alama peke yake. Muulize, "Leo huko kumenyesha?" Utamkumbusha kwamba kuna anayengoja jibu.

Kwa wadogo zenu walioko shuleni, na wananchi mtakaosoma mazungumzo haya, taaluma hii inataka hisabati na fizikia. Msichana au mvulana anayependa masomo hayo asivunjwe moyo kwa kuambiwa ni magumu. Kaunti yenye bahari, mto mkubwa na nyika kavu inahitaji watu wake wenyewe wanaoelewa hewa.

Wanafunzi, mwaanza muhula wakati wa kuingia vuli. Huenda somo lenu la kwanza la vitendo likaja na mvua ya kwanza. Ikifika saa tatu asubuhi, nendeni kwenye mkebe. Someni vizuri, muandike mlichokiona. Siku chache baadaye maji hayo yatapita chini ya daraja la Sabaki, na mtu wa nyumbani atakuwa ameshahamisha mbuzi wake, au hatakuwa amewahamisha.

Nawatakia safari njema na muhula mwema.