Johannesburg: Makumbusho yanayomruhusu mtoto kugusa

Kwa takriban miaka 90 kilima kimoja katikati ya jiji la Johannesburg kilikuwa gereza. Leo hapo pana Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, na ni katika kilima hicho hicho ambapo makumbusho ya watoto ya Play Africa yalipata makao. Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yetu kuhusu elimu na utamaduni.



Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, mwalimu wetu alitupeleka kuzuru jumba la makumbusho. Tulipangwa mistari miwili, tukaamriwa tufunge mikono nyuma, tukaingia kimya kimya kama waombolezaji. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na ngoma kubwa, na chini yake kibao: Tafadhali usiguse. Tulinakili maelezo ya kibao cha pili katika madaftari yetu, kisha tukatoka. Nilijua ngoma ile ilitoka wapi na iliundwa kwa mti gani. Jinsi inavyolia, sikujua.

Katika shule ya sekondari mambo hayakuwa tofauti sana. Somo la umeme tulifundishwa kwa chaki. Betri ilichorwa ubaoni, waya ukachorwa, na balbu ikawakishwa kwa vijistari vitano vya chaki ya njano. Nilifaulu mtihani. Balbu yenyewe niliiwasha kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa mtu mzima, hapa ughaibuni, siku nilipompeleka mwanangu katika makumbusho ya watoto. Yeye alikuwa na miaka mitano. Nilijifanya ninamsaidia, kumbe nilikuwa najifunza.

Ndiyo sababu leo nimependa tuzungumze kuhusu makumbusho ya watoto, na hasa yale ya Johannesburg, mji ambao ruhusa ya mtoto kugusa, kujaribu na kuuliza ina historia nzito kuliko inavyodhaniwa.

Makumbusho ya namna hii si jambo jipya duniani. Ya kwanza yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899, na yale ya Boston yakafuata mwaka 1913. Katika miaka ya 1960 mkurugenzi wa Boston, Michael Spock, alivitoa vitu kabatini na kuwaachia watoto wavishike, wavifungue na kuchungulia ndani. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium mjini San Francisco, mahali ambapo mgeni ndiye anayefanya jaribio, si mwalimu. Tangu hapo fikra hiyo imeenea katika mabara yote.

Huko Johannesburg, mwaka 2004 kituo cha sayansi cha Sci-Bono kilifunguliwa katika eneo la Newtown, ndani ya jengo la zamani lililokuwa karakana ya umeme. Wanafunzi wa shule za jimbo la Gauteng hupelekwa huko kwa mabasi. Katika muongo wa 2010 ikaja Play Africa, asasi isiyo ya faida iliyoanzishwa na Gretchen Wilson-Prangley, Mmarekani aliyewahi kuwa mwandishi wa habari. Hawa walianza bila jengo. Walibeba vifaa vyao vya michezo hadi katika bustani na mitaa ya watu, wakawakaribisha watoto na wazazi wao hapo hapo uwanjani. Baadaye wakapata nafasi Constitution Hill, yaani Kilima cha Katiba.

Sasa msikilizaji, hebu tukitazame kilima hicho.

Gereza lilijengwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Paul Kruger akaongeza ngome kulizunguka. Wafungwa weusi walitiwa katika sehemu iliyojulikana kama Namba Nne. Mahatma Gandhi alifungwa hapo mwaka 1908. Nelson Mandela aliwekwa mahabusu katika ngome hiyo mwaka 1962. Na baada ya ghasia za Soweto za mwaka 1976, baadhi ya wanafunzi waliokamatwa walijikuta nyuma ya kuta hizo hizo. Gereza lilifungwa mwaka 1983. Mahakama ya Katiba ilipojengwa hapo na kufunguliwa mwaka 2004, matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa yalitumika katika kuta zake.

Wanafunzi wale wa Soweto walikuwa wamekosa nini? Mwaka 1953 serikali ya ubaguzi ilipitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu. Waziri aliyeisimamia, Hendrik Verwoerd, alihoji waziwazi kuna faida gani kumfundisha mtoto wa Kiafrika hisabati ambayo hataweza kuitumia. Kwa maneno mengine, mtoto yule alikwisha kupangiwa kazi ya mikono, lakini si mikono ya kuchunguza na kubuni. Ni mikono ya kubeba. Kisha amri ya mwaka 1974 ikataka hisabati na baadhi ya masomo mengine yafundishwe kwa lugha ya Kiafrikana, ambayo walimu wengi wenyewe hawakuimudu. Tarehe 16 Juni 1976 watoto waliingia barabarani, na wengi wao hawakurudi nyumbani.

Kwa hiyo, pale mtoto wa Soweto au wa Hillbrow anapokaa sakafuni juu ya kilima hicho, akapanga mbao, akaviringisha gololi kwenye mteremko na kujiuliza kwa nini moja imetangulia, hachezi tu. Anafanya jambo ambalo sheria ya nchi yake ilikwisha kulihesabu kuwa ni la watu wengine.

Katika sehemu ya Namba Nne mgeni huoneshwa jambo moja ambalo mimi hulikumbuka mara kwa mara. Wafungwa, waliokuwa hawana karatasi wala udongo, walikuwa wakiyakunja mablanketi yao hadi yakawa sanamu. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alibakiwa na mikono yake, na mikono ikadai kufanya kazi. Sanaa na sayansi huanzia mahali hapo pamoja, kabla ya shule kuzitenga katika vipindi viwili vya ratiba.

Makumbusho ya watoto yaliyo mazuri hayana vifaa vya ajabu. Utakuta maboksi, vitambaa, vizibo vya chupa, gundi, makasi, maji, povu la sabuni, kioo na taa ya kutupia vivuli ukutani. Kilicho adimu ni tabia ya watu wazima waliopo. Mtoto anapouliza kwa nini mnara wake umeanguka, mlezi mwema hamkimbilii na jibu. Humwuliza: Wewe unadhani ni kwa nini? Tukiupanua upande wa chini itakuwaje? Mtoto hujenga tena, hukosea tena, na mara ya nne husimamisha mnara wake kwa sababu anazozijua yeye mwenyewe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini katika madarasa yetu mengi anayeuliza ni mwalimu peke yake, naye jibu analo tayari.

Hata hivyo, msikilizaji, yapo maswali ya haki ambayo hatupaswi kuyakwepa.

La kwanza ni hili. Utafiti wa kimataifa wa usomaji, PIRLS, wa mwaka 2021 ulionesha kwamba asilimia 81 ya wanafunzi wa darasa la nne nchini Afrika Kusini hawawezi kusoma na kuelewa wanachokisoma. Je, mbele ya hali hiyo si anasa kuzungumzia povu la sabuni? Mimi nadhani si anasa. Mtoto huelewa neno kwa urahisi zaidi anapokuwa amekwisha kukutana na kitu chenyewe. Aliyekwisha kuona kivuli chake kikirefuka kila anapoisogelea taa atalisoma neno kivuli na kitu kitatokea kichwani mwake. Lakini nakiri pia kwamba makumbusho hayawezi kuchukua nafasi ya mwalimu na kitabu. Anayewaahidi wazazi hivyo anawadanganya.

La pili ni nauli. Mtoto anayeihitaji zaidi nafasi hii ndiye anayeishi mbali nayo. Kutoka katika vitongoji hadi katikati ya Johannesburg mzazi hulipia teksi za abiria, zifananazo na daladala na matatu zetu, kwenda na kurudi, yeye na watoto wake. Makumbusho yanayongoja wageni mlangoni yatajaa watoto wa wenye magari. Ndiyo maana ule mwanzo wa kubeba vifaa hadi mitaani haukuwa hatua ya kupita tu. Ndio moyo wa kazi yenyewe.

La tatu linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kilima cha Katiba kimepakana na Hillbrow, mtaa wa maghorofa yaliyosongamana, na si mbali na Yeoville, ambako Wakongo wengi wameweka makazi. Watoto wao hukulia katika fleti zisizo na ua wala kiwanja. Mwezi Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni nchini humo yaliua watu zaidi ya 60, na chuki hiyo imezuka tena mara kadhaa tangu hapo. Kifungu cha 28 cha Katiba ya mwaka 1996 kinapotaja haki za watoto, kinasema kila mtoto. Hakiulizi mama yake alivuka mpaka gani. Watoto wawili wanaoshikilia ncha mbili za ubao mmoja ili daraja lao lisianguke hawana nafasi ya kuulizana vitambulisho.

Kwetu Afrika Mashariki dalili njema zipo. Mjini Tanga kuna bustani ya sayansi, STEM Park, iliyofunguliwa mwanzoni mwa muongo huu wa 2020. Kenya, kupitia mtaala wa umilisi ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, imetaka wanafunzi wajifunze kwa kutenda, ingawa wazazi wengi wamelalamikia gharama za vifaa.

Lakini tusisahau kwamba watoto wetu wana karakana zao tangu zamani. Nani kati yetu hakuunda gari la waya, lenye usukani mrefu na magurudumu ya makopo? Nani hakufunga mpira kwa mifuko ya plastiki na kamba, au kurusha tiara ufukweni na kugundua kwamba bila mkia haitulii angani? Mtoto wa Soweto ameunda gari lile lile la waya. Ndani yake mna mizani, msuguano na mzunguko wa gurudumu. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kuinama, kulitazama kwa heshima na kuuliza: Umefanyaje hadi likakata kona?

Swali hilo halina nauli wala kiingilio. Mzazi anaweza kuliuliza jioni hii hii, mlangoni kwake. Na mwalimu mwenye wanafunzi 80 na betri moja anaweza kuipitisha betri hiyo mkono hadi mkono, hata kama kipindi kizima kitakwisha kwa balbu moja kuwaka mara themanini.