Nyumba ya Aliyetoka Usiku



Niliombwa nizungumzie usanifu wa majengo unaojali jamii. Maneno hayo ni makubwa, na mara nyingi hupamba maombi ya fedha. Nitaanza basi na mtu mmoja: mama anayetoka nyumbani saa nane usiku, mtoto mgongoni, kanga moja, na hana pa kwenda.

Hapa mlimani Kilimanjaro nyumba husimama juu ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, na kihamba ni cha ukoo. Kwa desturi hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Kwa mumewe mama huyu ni mke. Kwa kaka zake ni mtu aliyekwisha kuolewa. Sheria iko upande wake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini hakuna anayelala ndani ya kifungu cha sheria.

Shirika la KWIECO limekuwa likiwashauri wanawake wa Kilimanjaro tangu 1987. Nyumba yake ya hifadhi hapa Moshi, iliyokamilika 2015, ilichorwa na wasanifu watatu wa Ufini: Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman. Asasi yao, iliyoanzishwa 2007, wameiita Ukumbi. Walitumia vifaa na mafundi wa hapa hapa, na nyumba wakaipa ua wa ndani.

Ua ndio niliokuja kuuzungumzia. Nyumba ya namna hii inadaiwa mambo mawili yanayogombana: imfiche mtu, na isimfunge. Ukizungusha ukuta mrefu tu, umejenga gereza. Ukiweka madirisha makubwa ya kutazama barabara, umemwanika. Ua unampa anga, jua la kukausha nguo za mtoto, na wenzake wa kuchambua nao mchicha, bila mpita njia kumwona. Wazee wetu nao walijua kujificha: msonge wa Kichagga ulifunikwa nyasi hadi chini, mlango mmoja mfupi, uingie umeinama. Ila msonge ulimkinga mtu na adui wa nje. Adui wa mama huyu ana ufunguo.

Wanafunzi wangu wakipewa kazi ya kuchora nyumba kama hii huanza na sura ya mbele. Nawarudisha. Mume akimfuata, atazuiliwa wapi? Nani atamwona kwanza? Choo kiko umbali gani usiku, na mtoto analia?

Halafu kuna isale. Mnalijua: mmea wa mpakani mwa kihamba, na jani lake ndilo la kuombea radhi. Likiletwa na wazee, mkosewa hutarajiwa kusamehe. Kulikataa ni jambo zito. Basi chumba cha kuletea isale kiwe wapi? Mimi nasema kiwe karibu na geti, mbali na vitanda, chenye milango miwili, ili mama asikilize, akatae akitaka, na atoke kwa mlango wake bila kupita mbele ya wazee. Kwenye vitabu vya viwango sijakiona chumba hicho. Atakayekufundisha ni mama aliyewahi kukihitaji.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo: kabla mwanafunzi hajapewa karatasi ya kuchorea, apewe wiki mbili za kukaa na watakaolala ndani. Na ninyi wazazi: binti yenu aliyeolewa akibisha hodi usiku, mfungulieni. Maswali yangoje asubuhi.